Nyota ya Saba ya Kilimia

"Mwenye macho makali," ilisema redio, "huona nyota saba katika Kilimia."

Swaumu aliacha kupeta mbegu za mtama. Magharibi ilikuwa ndiyo kwanza imeswaliwa, na redio ya shemeji yake, aliyoinunua kwa Wazungu mradi wao wa karanga ulipokufa, ilikuwa ikikoroma barazani.

"Umesikia, shemeji? Saba!" alisema Swaumu.

Miaka thelathini, kila msimu wa kupanda, marehemu mumewe alimhesabia nyota hizo kwenye vidole vyake. Yeye akisema saba, mzee humkunja kile kidole cha saba. "Sita, mama. Hiyo nyingine ni moshi wa jikoni uliokuingia machoni." Watacheka weee, na kesho yake alfajiri wako shambani.

"Kumbe kaka alikuonea bure," alisema shemeji.

Swaumu alishuka uani, uso umemchangamka. Kilimia kilikuwa kimechomoza juu ya mikorosho. Akahesabu kwa vidole. Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akahesabu tena.

"Ngapi?" shemeji aliuliza kutoka barazani.

Swaumu alikitazama kidole cha saba, kisha akakikunja mwenyewe, taratibu.

"Sita," alijibu. "Kesho tunapanda."