Kioo Namba Kumi na Nne

Kioo namba kumi na nne kilikuwa na kipande cha mfupa wa panya kijana. Kwa hilo ningeweza kula yamini. Chini ya hadubini, mishipa ya damu ilisongamana ndani ya uboho kama mizizi ya nyasi, na mfupa wenyewe ulikuwa mnene.

Maabara yetu ina sheria: anayehesabu mishipa haambiwi panya ana umri gani wala alipewa dawa gani. Majibu hukaa kwenye bahasha, kabatini kwa mkuu wa maabara.

Leo mkuu aliifungua. "Kumi na nne: jike, kikongwe, alipewa homoni miezi minne."

"Umeruka mstari, mzee."

Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe.

Nikatoka hadi kwenye korido, koti jeupe mwilini, nikampigia mama. Nilisikia simu ikimponyoka kwanza. Anaishika kwa kushoto siku hizi. Mkono wa kulia una plasta ngumu tangu alipoteleza bafuni ukavunjika.

"Mama, vile vidonge vya homoni vya kuimarisha mifupa alivyokuandikia daktari, nikakukataza..."

"Vimefanya nini tena?"

"Bado unavyo?"

Akacheka kidogo. "Mwanangu, si ulisema daktari ana wagonjwa mia, ila wewe unashinda na mifupa kutwa? Nilivimwaga chooni siku ileile. Na mama zako wadogo nikawaambia, mtoto wetu amesema. Wote watatu wakamwaga."