Ndoo ya Chumba cha Mbele

"Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia," Jicho alisema akishuka garini. "Gunia lenyewe najua lilishonwa wapi."

Dalali aliyemleta, jamaa mrefu wa kofia, alicheka kama wanavyocheka madalali wote: kabla utani haujaisha.

Jina la Jicho alijipa mwenyewe. Nyumba anazo tisa, na nyingi alizinunua kwa kutazama picha za simu tu, kwa kuwa, kwa maneno yake, jicho lake linaona hadi nyuma ya picha. Leo amelazimika kuja mwenyewe kwa sababu Kofia hajui kupiga picha. Kati ya sita alizotuma, nne zilikuwa za kidole chake.

Simu ikaita. USIPOKEE NNE, kioo kikaandika. Jicho akaikata. Wapangaji wake wote kawaandika hivyo, kuanzia Usipokee Moja hadi Usipokee Tisa. Mpangaji hapigi simu kukuuliza umeamkaje.

"Madalali nyinyi," akasema, akiugonga ukuta kwa kidole, "mkiuza kaburi mtasema ni chumba cha chini, hakina kelele. Huu ufa je?"

"Huo si ufa, bosi. Nyumba inapumua."

Chumba cha mbele alikaa mama mmoja mshonaji, utepe wa kupimia shingoni, cherehani mbele yake. Sare za shule zilirundikwa ukutani chini ya nailoni. Katikati ya chumba palikuwa na ndoo, na mvua ya asubuhi, ambayo nje ilikwisha kusahaulika, humu ndani ilikuwa bado inadondoka. Tone. Tone.

"Karibuni, wanangu. Piteni kushoto, kulia panatota."

Jicho alisimama palepale. Alikuwa anaitazama dari.

"Na mwenye nyumba anakula kodi ya hapa na usingizi unamjia?"

"Sijawahi kumwona, mwanangu. Mwaka wa tatu huu, nazungumza na ndoo."

"Huyo si mwenye nyumba, ni kupe! Mtu mwenye haya angekuja hata mara moja akaona."

Alisema kwa sauti makusudi ili Kofia asikie. Kwa Jicho kila tusi lilikuwa punguzo. Aliuponda mlango, akaiponda sakafu, akamponda fundi aliyejenga pamoja na aliyemfundisha. Mwisho akatoa hukumu: bei ipungue robo, la sivyo anaondoka.

Kofia akatoka nje kumpigia mkubwa wake, ambaye naye ni dalali. Mwenye mali mwenyewe haonekani. Kati yake na mnunuzi madalali wamejipanga kama foleni ya bombani, kila mmoja anamjua wa mbele yake tu, na hakuna anayemtaja mtu wake kwa jina asije akarukwa akakosa chake.

Jicho akabaki anapima chumba kwa hatua. Pangetoka vyumba vitatu vya duka.

"Mama, nikichukua hapa, mwisho wa mwezi uwe umefungasha."

Cherehani ikanyamaza.

"Nina sare mia na ishirini za watoto, mwanangu. Wateja wangu wananijua kwa mlango huu."

"Watakujua kwa mlango mwingine."

Simu yake ikaita tena. Hii alipokea. Alikuwa Miwani, dalali anayemuuzia nyumba mojawapo kati ya zile tisa. Mteja kapatikana, Miwani alisema, ila anaiponda nyumba vibaya na anataka apunguziwe.

"Apunguziwe!" Jicho alifoka. "Mwambie akanunue banda la kuku! Nyumba yangu haina ufa hata wa kupitisha uzi!" Akakata, akamgeukia mshonaji. "Unawaona watu, mama? Wanaponda mali ya mwenzao ili washushe bei. Aibu hawana."

"Hawana," mshonaji aliafiki, akatunga uzi.

Dakika chache baadaye Kofia akarudi, kofia yake mkononi.

"Bosi, mwenye mali kakataa."

"Kasemaje?"

"Maneno mengine, bosi, hayarudiwi mbele ya mama."

Jicho akavimba. Kutukanwa, tena na mtu mwenye gofu kama hili! Kumbe gofu nalo lina mdomo! Hapo hesabu zikamtoka kichwani, ikabaki hasira.

"Mwambie namlipa bei yake yote! Nasema yote, leo leo! Ila siku ya kutia saini nataka nimwone uso kwa uso, nimwambie ni mnyama wa namna gani."

Kofia aliivaa kofia yake haraka, kama mtu anayeogopa bahati isije ikabadili mawazo.

"Subiri kidogo, mwanangu," mshonaji akasema. Alisimama, akafungua droo ya cherehani, akatoa mkataba uliokunjwa mara nne. "Namba yake imeandikwa hapa. Sasa hivi tu kanikatia, lakini kabla hamjaniuza mimi na ndoo yangu, acha nimwombe mwenyewe, mara ya mwisho."

Akabonyeza, akaiweka simu sikioni.

Katika mfuko wa shati la Jicho, simu ikaita. Aliitoa kwa madaha, akatazama kioo, akaikata upesi.

Mshonaji akaiondoa simu sikioni. Akaiangalia. Akamwangalia Jicho. Akabonyeza tena, pole pole, na safari hii hakuipeleka sikioni.

USIPOKEE NNE, kioo kiliandika, simu ikilia kwenye kiganja cha Jicho. Kofia alianza kucheka, kisha akaacha.

"Pokea, mwenye nyumba," mshonaji alisema. "Ndoo imejaa."