Shira Kidoleni

Tangu akutwe na kisukari, Bi Mwanakombo aliwapikia majirani kaimati akizionja kwa macho tu. Alasiri hiyo, bintiye Raya alimtoboa kidole, akaitazama mashine ya kupimia sukari, akashtuka.

"Ishirini na mbili! Mama, umekula nini?"

"Wallahi sijatia kitu kinywani!"

Raya alimshika mkono, akahisi vidole vinanata. "Kumbe ni shira ya kaimati, sukari tupu! Hebu kanawe mikono, tupime upya."

Bi Mwanakombo alifungua bomba, akauweka mkono wa kulia kwenye maji. Wa kushoto aliuinua polepole hadi puani. Vidole vilimeremeta, vikinukia iliki.

"Mama, bado tu?" Raya aliita.

"Bado, mwanangu," alijibu, macho ameyafumba, maji yakiendelea kumwagika.