Fizi Isiyopona

Usaha ulitoka tena. Jumanne ya tano sasa, jino lile lile la kupandikiza, na daktari wa meno akajikuta anasonya mbele ya mgonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mzee alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, mpole kama kawaida yake. Skrubu ya jino hilo daktari aliikaza mwenyewe mfupani miaka miwili iliyopita. Mwezi mzima huu alikuwa ameosha, amekwangua, ametoa vidonge na dawa ya kusukutua, na kila wiki fizi inarudi imevimba upya. Picha ya leo ilionyesha mfupa umeanza kuliwa. Ukiendelea hivyo jino litang'oka, na taya la mtu wa miaka themanini huwezi kulipandikiza mara ya pili.

"Huyo mkweo anakusafisha kweli?"

"Asubuhi na jioni," mzee akajibu haraka. "Hana kosa yule. Nirudi Jumanne?"

Hana kosa! Kwani daktari hana macho? Kila wiki mkwe huyo, mke wa mwana wa mzee, alimleta, amevaa mikono mirefu mpaka viganjani hata jua liwake vipi, akamkalisha, akauliza, "Saa mbili zinatosha, daktari?" kisha huyoo, ametoweka. Hakuwahi hata mara moja kubaki wakati wa sindano. Alitoka na mkoba umetuna, akarudi nao umelegea, anahema, jasho linamtoka. Muuguzi alishasema: huyo anauza vitu vya mzee. Daktari alimkemea aache umbea, lakini neno lilikuwa limeshamwingia.

Alichoma ganzi, akafungua fizi. Ndani kabisa, ubavuni mwa skrubu, koleo likagusa kitu. Akakivuta taratibu. Kibanzi cha njiti ya kiberiti.

Wiki iliyopita alitoa kingine kama hicho, akadhani ni bahati mbaya. Lo! Mara mbili? Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

"Mpigie mwanawe simu," akamwambia muuguzi. "Namba iko kwenye faili."

Mzee akagutuka. Alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito kwa ganzi na mdomo umejaa pamba. Kilichotoka ni mguno tu. Akamkamata daktari koti.

"Tulia, mzee wangu. Najua unamwogopa. Hatakugusa tena."

Muuguzi akamshikia daktari simu sikioni, naye akaendelea kushona huku anaongea. Mwana alikuwa mtu wa adabu zake. Alisalimia vizuri, akasikiliza habari ya njiti bila kukatiza.

"Na mke wangu yuko hapo?"

"Ametoka. Kila Jumanne hutoka na mkoba umejaa, akarudi nao mtupu. Samahani kuingilia ya nyumbani kwako, ila mzee anaumizwa."



"Kila Jumanne," mwana akarudia polepole. "Ahsante sana, daktari. Niko karibu. Nakuja kumngoja hapo hapo."

Daktari akafunga uzi wa mwisho, moyo mweupe. Wangapi wanaona mzee anateswa, wakajifanya vipofu wasije wakaitwa wambea? Yeye hakunyamaza, na alijisikia vizuri kwa hilo. Mzee machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni. Daktari akampangusa kwa kitambaa safi, kwa upole ambao wagonjwa wake wengi hawakuujua.

"Basi, basi. Yamekwisha."

Akamtoa pamba. Mzee akajiinua kwa kiwiko, damu kidevuni, maneno yakimtoka vipande vipande.

"Njiti nazitia mimi, daktari. Bila kidonda hiki mwanangu hamruhusu mkewe kukanyaga nje, na humo ndani atamuua. Nguo zake amekwisha kuzihamisha zote. Leo anarudi kuniaga tu."