Komeo la Upande wa Nje

Komeo la geti lilikuwa upande wa nje, na hilo ndilo lililomshangaza mkaguzi.

"Nimekagua nyua nyingi katika mji huu," Curtis Vang aliwaambia madiwani, akiwaonyesha picha ukutani. "Anayeogopa wezi huweka komeo ndani. Huyu kaliweka nje, upande wa mto. Na uzio wenyewe una futi sita. Sheria ndogo inaruhusu nne."

"Labda anafuga dubu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Alden Rustad hakucheka. Alikaa kwenye safu ya mwisho, karibu na mlango, kofia yake magotini. Alikuwa amehamia hapa vuli iliyopita na bado hakuwa amezoeana na watu. Uzio ule aliujenga mwenyewe, ubao kwa ubao, kabla theluji haijaanza. Kabla ya uzio alikuwa hapati usingizi. Alikesha kitini akiusikiliza mlango wa nyuma. Uzio ulipokamilika, alilala.

Jioni hii madiwani watano walikuwa wakiamua kama ubomolewe, ili njia mpya ya matembezi ipite nyuma ya nyumba yake. Nje, theluji ilikuwa ikiyeyuka, na mto ulikuwa umejaa hadi kingoni.

Wananchi wakaanza kusimama kwenye kipaza sauti, kila mmoja na dakika zake tatu. Hapa anayetaka kusema hutaja jina lake na anakoishi, basi. Hakuna anayemuuliza zaidi.

"Duane Hoffer, Mtaa wa Misonobari," alisema mwanamume mwenye kofia ya baiskeli kwapani. "Mzee Rustad, nina swali dogo tu. Mto ule aliuchimba baba yako?"

Vicheko tena. Meya Janelle Pruitt akagonga meza. "Duane, sema na baraza, si naye."

"Nasema na baraza, Mheshimiwa. Mji mzima umekubali kupitisha njia. Wenye mashamba wamekubali. Kanisa limekubali. Kabaki yeye na dubu wake."

Alden aliinamisha kichwa. Alisali kimoyomoyo, sala ya maneno machache. Hakuomba ashinde. Aliomba wasimuulize sababu.

Kisha akaisikia sauti nyingine kwenye kipaza sauti, na akaitambua kabla hajainua macho. Akanyanyuka nusu, kama anayetaka kwenda mbele. Watu wa safu yake wakamgeukia. Akakaa.

Alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri na koti la bluu. Alisimama wima kama mwalimu.

"Solveig Brekke," alisema. "Mtaa wa Kinu, nyumba ya kwanza kutoka darajani."

Karani, kijana aliyeajiriwa juzijuzi, akaandika. Diwani mmoja mzee akakunja uso kama anayejiuliza iwapo nyumba hiyo bado ipo, kisha akaacha.

"Mimi na dada zangu tulipita pale kwenda mtoni," mama yule akasema, "viatu mkononi. Mama alitukataza, tukapita vilevile. Maji yale nayapenda mpaka leo. Sasa kila asubuhi nakwenda, nasukuma geti, halifunguki. Nasukuma mpaka mikono inauma." Akawageukia watu ukumbini. "Huyo aliyeliweka simjui. Ila nashindwa kuelewa ana roho gani. Mtu humfungiaje mwenzake mto?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Duane alisimama kabisa. Hata mkaguzi Vang, ambaye hakupaswa kuonyesha upande, alitikisa kichwa kukubali.

Makofi yalipokwisha, meya akavua miwani. Alikuwa mtu wa haki, na uso wa yule mzee kule nyuma ulimsumbua.

"Bwana Rustad," alisema kwa upole, "sheria inaturuhusu kumwachia mtu uzio wake akiwa na sababu nzito. Nitakuwa wa kwanza kuinua mkono. Lakini lazima tuisikie hapa, mbele ya watu wote. Tupe sababu moja tu."

Alden alisimama. Kofia ilianguka, hakuiokota. Aliwatazama madiwani. Akawatazama watu. Kwenye safu ya mbele mama mwenye koti la bluu alikuwa amegeuka kama wengine wote, akimsubiri kwa hamu, macho yake maangavu, bila wasiwasi wowote.

Alifungua kinywa.

"Sema basi, mzee," mtu akanong'ona.

"Sina," akasema Alden. "Sina sababu."

Mikono minne ikainuka. Uzio ubomolewe ndani ya wiki moja.

Watu walitoka wakizungumza kwa furaha. Wawili watatu walimpita Alden bila kumtazama. Alibaki pale mlangoni mpaka ukumbi ukawa karibu mtupu. Ndipo mama yule akaja, mkoba mikononi, akasimama mbele yake.

"Usinichukie, bwana," alisema. "Sina ugomvi nawe. Nimesema tu kilichokuwa moyoni."

"Umesema vizuri sana."

"Kweli?" Akatabasamu, kisha akachungulia nje kwenye maegesho. "Namsubiri mume wangu. Kijana mrefu, nywele nyeusi. Hujamwona?"

Alden akamfunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, mpaka shingoni, kama afanyavyo kila siku.

"Yuko njiani, Solveig," akasema. "Twende tukamsubiri nyumbani."