Mluzi wa Magadi

Kwa wiki tatu Resiato alikuja kila siku pembeni mwa mji, akasimama nyuma ya seng'enge kuwatazama ng'ombe wake waliotengwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo. Aliwatazama kimya. Angepiga mluzi wangeivamia waya, maana tangu wakiwa ndama mluzi wake ulikuwa na maana moja tu: njooni, kuna magadi ya kulamba.

Asubuhi moja daktari wa mifugo alimfuata mwenyewe.

"Mama, yule mwenye baka jeupe hajasimama tangu juzi. Akizidi kulala hivi tutampoteza. Hebu mwite."

"Ana jina," alisema Resiato. "Anaitwa Tunu."

Midomo yake ilikuwa imekauka. Mluzi wa kwanza ulitoka pumzi tupu. Wa pili ulisikika hadi upande wa pili wa zizi.

Wengine waliikimbilia waya; Tunu aliinua kichwa. Akajikusanya, akaanguka, akajikusanya tena, akasimama. Kisha akaja akichechemea, mate yakimning'inia.

"Haya, mama, usinyamaze," daktari alinong'ona.

Resiato alikuwa ameshafungua kiganja. Magadi yalikuwemo, kama siku zote. Hapo ndipo alipouona ulimi wa Tunu, umejaa vidonda vibichi ambavyo magadi yangevichoma. Akayamwaga magadi nyuma yake, akakifuta kiganja kwenye shuka, akakifuta tena.

Tunu alifika kwenye waya. Akainamisha kichwa, akatoa ulimi, akasubiri.