Kitufe cha "Ni Mimi"

Simu ya dada yake ilimkuta fundi wa mtambo wa maji akipiga soga na wenzake.

"Mbona maji ya leo yanateleza kama sabuni? Nanawa, nanawa, utelezi hautoki."

Fundi akaruka kitini. Maji huteleza yakizidi magadi makali, yale yanayounguza, ambayo hutiwa kiduchu tu, kuyapunguzia uchachu.

Akakimbilia kompyuta ya mtambo, simu ingali sikioni. Humo mliwekwa akili bandia ya kuwazuia wahalifu wa mtandaoni. Mafundi waliibandika jina Mama Mkwe, maana ilidai maelezo ya kila kitu: ukigusa pampu inauliza, ukikohoa inauliza. Dawa yake ilikuwa kubonyeza "Ni mimi", ikanyamaza. Kelele za chura, walicheka, hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Sasa alisoma swali la saa moja asubuhi: "Mtu aliye nje ya kituo anatumia jina lako kuongeza magadi mara mia. Je, ni wewe?"

Chini yake, jibu: "Ni mimi."

Juu ya kitufe, kioo kilikuwa bado na alama ya kidole chake, ya siagi ya mkate wa asubuhi.

Akazima pampu. Lakini maji ya muda wa saa tatu nzima yalikuwa yameshafika majumbani.

"Dada, msiyanywe!"

"Mama ndiyo kwanza anayamezea vidonge."

Simuni kikasikika kikohozi, kisha glasi ikavunjika.

"Mama! Mama, vipi? Jamani, anashika koo!" Dada akapiga ukelele. "Wewe, nani kayachezea maji haya?"

Fundi aliifuta ile siagi kwa mkono wa shati. Ikazidi kuenea.